Kibuyu Hakitoki Kitupu

Jumapili, 14 Mei 1972

Umepotelea wapi, wewe mwanamke? Toka Pasaka hujafungua daftari. Penseli panya ametafuna, unga umeingia kati ya karatasi, na wewe unapita hapa kila asubuhi kama humjui mtu. Aibu, Nyamburi! Mwalimu Kija wa kisomo alituambia darasani kwamba shajara haina msomaji ila mwenye shajara. Basi msomaji ni wewe, na wewe ndiye mtoro. Hukuona mlango wa shule maisha yako yote, umefundishwa herufi na mvi kichwani, halafu unazifungia sandukuni kama mtu aliyepewa jembe akalilalia.

Kaa chini. Andika.

Leo baada ya misa tumekuta tangazo kwenye mlango wa chama cha ushirika. Nimelisoma mimi, kidole chini ya maneno, watu nyuma yangu wakingoja. Sabasaba kule Musoma kutakuwa na maonyesho ya sanaa. Vyungu, vikapu, ngozi, ngao, picha za kuchora za watoto wa shule. Ngoma. Na mchezo wa kuigiza wa kikundi chetu cha hapa Buswahili! Kabla ya Musoma utaonyeshwa Bunda, Jumamosi tarehe 17 Juni, kwenye kiwanja cha ghala la pamba. Mchezo unaitwa Mke wa Bibi. Chini kabisa, majina ya wachezaji. La tatu: Wankyo Nyamburi.

Jina langu kwenye mlango wa ushirika. Nyuma ya jina lake, lakini lipo. Nimelisoma mara nne. Wa nyuma wakaanza kuguna kwamba bibi analiganda tangazo.

Jumanne, 16 Mei

Habari ya Wankyo sijawahi kuiandika. Kila mtu hapa anaijua, sikuona haja. Lakini itafika siku nitakuwa sina kichwa, acha niiweke.

Nilizaa watoto wawili wa kiume. Surua ikawachukua wote wawili, mwezi mmoja. Baadaye mume wangu Burito naye akafuata. Nyumba ikabaki na mimi na moshi. Kwetu mwanamke wa namna hiyo halii mpaka afe. Anaoa. Nilitoa ng'ombe, nikaenda ng'ambo ya mto, nikaleta msichana mbele za wazee. Watoto atakaozaa ni wa nyumba yangu, wanaitwa kwa jina la nyumba yangu. Baba yao ni nani? Baba yao ni nyumba. Ndivyo tunavyosema, na anayeuliza zaidi hapewi kiti. Padri hukunja uso, lakini hajawahi kunifukuza kanisani.

Wankyo alikuja ana miaka kumi na saba, mwembamba kama fito, mwezi mzima hasemi. Nikamwambia, wewe mtoto, kula kwanza, kunichukia utanichukia ukishashiba. Akacheka. Siku hiyo ndiyo nilioa, siyo ile ya ng'ombe.

Nilimpa kibuyu cha maziwa cha nyumba. Kilikuwa cha mama yake Burito. Kilipasuka zamani nikakishona kwa mshipa wa ng'ombe, kimekuwa cheusi kwa moshi wa kukifukizia. Kinaning'inia kwenye msumari wake juu ya mahali anapolala. Mwenye kukishika ndiye mwenye nyumba kesho.

Tumepata mtoto mmoja, Boke. Msichana. Watu walicheka kwamba nimelipa ng'ombe nikapata mtu wa kwenda kuolewa. Sasa Boke ana miaka mitatu na nusu na anawatukana kuku kwa majina yao. Nawashangaa waliocheka.

Alhamisi, 18 Mei

Bwana Mseti amekuja, yule afisa utamaduni aliyeandika mchezo. Kijana wa suruali ya kaki, viatu vimejaa vumbi, ana adabu. Alileta karatasi za Wankyo. Wankyo hajui kusoma. Kisomo alikikataa, alisema mikono yake ina kazi. Kwa hiyo mimi ndiye nitamsomea, aweke kichwani.

Nilianza kusoma Mseti akiwa bado anakunywa uji.

Kuna bibi kizee kwenye mchezo. Anaitwa Bibi Kale. Ni mjinga, mchoyo, ana ng'ombe wengi, hataki kisomo. Ananunua msichana ili awe mke wake. Msichana anateseka, anasikia habari za maendeleo, anachukua kibuyu cha bibi, anakivunja mbele yake, anaondoka. Kikundi kinaimba. Bibi Kale anabaki amekaa chini peke yake. Mwisho.

Msichana ni Wankyo.

Nilimtazama Mseti. Akaweka uji chini. Akasema, bibi, si wewe, ni mila.

Nikamwambia, "Mila haiumwi magoti, mwanangu. Mimi naumwa."

Nikamwambia amalize uji, umepoa.

Ijumaa, 26 Mei

Kila siku tukitoka kwenye pamba, kabla ya kuwasha jiko, tunakaa uani. Mimi ni Bibi Kale. Karatasi mkononi, nasoma maneno yake: Nimekununua, utakwenda wapi? Wankyo anasimama mbele yangu anajibu. Akikosea nasoma tena, akipata namwambia endelea. Boke anakaa kati yetu anakula udongo.

Namfundisha kuniacha. Neno kwa neno.

Na anaweza! Lazima niandike ukweli hata kama unanichoma. Huyu mtu mkimya, anayeomba chumvi kwa macho, akisimama kwenye mchezo anakuwa na sauti ninayoisikia mgongoni. Leo alipofika pale pa mwisho, akainua kikapu (kibuyu hatutumii, tunajizoeza kwa kikapu), akasema, mimi si ng'ombe wa mtu, nilitaka kusimama nimwombe radhi. Halafu akakitupa kikapu na kutoka. Akapita ua, akapita mtama, akaenda mbali kabisa. Karatasi inasema aondoke, haisemi aende hadi wapi.

Nilibaki na karatasi. Nilihesabu pumzi zangu mpaka aliporudi.

Alirudi na kuni.

Jumatano, 7 Juni

Leo nimemuuliza kwa nini anapenda mchezo huu. Akafikiri. Akasema, mama, pale watu wote wananyamaza mimi nikisema.

Nyumbani humu mimi ndiye nasemaga, yeye ananyamaza. Miaka yote.

Jumapili, 18 Juni

Jana Bunda. Lori la ushirika lilitupakia tangu asubuhi, wachezaji na watu wao, tumebanana na ngoma. Kiwanjani watu walikuwa wengi kuliko siku ya kuuza pamba. Mwalimu Kija alikuja na darasa lake zima la kisomo, wamevaa sare.

Bibi Kale anachezwa na mwanamume, Boniphace, karani wa ushirika. Amejifunga mto tumboni na kitambaa kichwani. Alipotokea tu watu wakaangua kicheko. Anatembea goti la kushoto limekaza, mkono umeshika kiuno, kila hatua anaguna kama anagombana na ardhi. Nilicheka mpaka machozi. Nilimpiga jirani bega, nikamwambia tazama kizee kile!

Halafu nikaona jirani hacheki, ananitazama mimi.

Ni mwendo wangu. Goti la kushoto, mkono, kuguna. Boniphace ofisini kwake ananiona labda mara mbili kwa mwaka. Hawezi kuujua mwendo huo mwenyewe. Amefundishwa.

Mwishoni Wankyo alivunja kibuyu. Walitafuta kibovu kimoja huko Bunda. Kilipasuka vipande vitatu na watu wakapiga kelele za furaha, wanawake wakapiga vigelegele, hata wale waliooa kama mimi. Nawajua. Niliwaona.

Kwenye lori Wankyo alikaa karibu yangu kama kawaida na kichwa chake kikanilalia begani njia nzima. Sikukiondoa.

Jumatatu, 19 Juni

Sikusema naye. Yeye hakusema. Boke ametuuliza nani amekufa.

Jumanne, 20 Juni

Nimemuuliza. Siwezi kubeba kitu mdomoni siku tatu, kitaniozea. Tulikuwa tunapalilia. Nikasema, wewe ndiye ulimpa Boniphace mwendo wangu?

Akasimamisha jembe. Akasema ndiyo.

Nikauliza kwa nini.

"Kwa sababu aliniuliza bibi kizee anatembeaje. Mimi bibi mwingine simjui, mama."

Tukaendelea kupalilia. Mstari mmoja mzima. Halafu nikamwambia kuguna kwangu kunaanzia chini, si puani kama Boniphace, amrekebishe. Akacheka. Na mimi nikacheka. Lakini kicheko kilikuwa na mfupa ndani.

Alhamisi, 22 Juni

Mseti amekuja tena, na safari hii hakunywa uji. Mkoa unaunda kikundi. Wataondoka Musoma kesho yake Sabasaba, waende Mwanza, baadaye Dar es Salaam. Watakuwa wakionyesha michezo kila mahali. Watapewa chumba na chakula. Wankyo amechaguliwa. Nikauliza watarudi lini. Alitazama kofia yake. Akasema, kazi ikiwa nzuri huenda wasirudi mapema.

Nikauliza, na mtoto? Akasema wachezaji wawili wanakuja na watoto, kuna mama wa kuwalea, nafasi ipo. Lakini hilo, bibi, ni la kwako. Mtoto ni wa nyumba yako, mimi siwezi kuingilia.

Kumbe mila anaijua akitaka.

Wankyo alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua uso. Alichambua jani moja hadi likaisha mkononi.

Jumapili, 25 Juni

Shemeji Werema amekuja baada ya misa. Mdogo wake Burito, na balozi wetu wa nyumba kumi. Aliketi akaweka fimbo magotini, nikajua anataka kusema maneno ya kibalozi. Akasema msichana akitaka kwenda aende, siku hizi hatuwezi kumfunga mtu kamba. Lakini ng'ombe walitoka kwenye zizi la kaka yake. Mtoto hapandi lori. Akasema, "Shemeji, ukishika mtoto umeshika na mama. Mwezi haupiti atarudi mwenyewe akikimbia."

Alisema kwa upole. Ananipenda, Werema. Yeye ndiye aliyechimba makaburi ya wanangu.

Na anasema kweli, hapo ndipo pabaya. Nikimshika Boke, Wankyo atarudi. Nimemwona akiwa kwenye mchezo na nimemwona akimtoa mtoto mwiba. Atarudi. Atafagia uwanja, atakamua, atanyamaza. Nitakuwa na watu wote wawili nyumbani na sauti ile itakuwa imekufa.

Na nikimwachia Boke? Hapo nyumba imezimika. Burito, mama yake, wanangu wale wawili. Hakuna wa kuita jina. Mimi na moshi tena, na safari hii sina ng'ombe wa kuolea wala magoti ya kuvukia mto.

Wankyo hajaniomba. Hata kwa macho. Afadhali angeomba nimkatalie au nimkubalie. Anafua nguo zake moja moja. Za Boke hazigusi.

Jumatano, 28 Juni

Boke ameniomba nimhesabie vidole. Nimemhesabia vya mikono na vya miguu. Akasema tena. Nikamhesabia tena.

Sina la kuandika.

Jumapili, 2 Julai

Wamekuja kukusanya vitu vya maonyesho. Mseti aliomba vibuyu viwili. Kimoja cha kuvunjwa kwenye mchezo, kimoja cha kuwekwa mezani watu wakione. Cha kuvunjwa nilimpa kile cha mwaka jana kilichopasuka kabla hakijatiwa chochote. Cheupe, kizuri kwa macho, hakijawahi kuonja maziwa. Cha mezani akataka kile cha kwenye msumari.

Nilitaka kukataa. Halafu nikasema, wacha watu wa Musoma waone mshono wangu.

Wankyo ndiye alikishusha. Alinipa mimi, hakumpa Mseti. Na kwa kuwa kibuyu cha nyumba hakitoki kitupu, nikakitia maziwa ya asubuhi kidogo, nikafunga kifuniko. Kikitoka kitupu kinaita njaa nyumbani. Hili hata mtoto analijua. Mseti akauliza kama hayatamwagika. Nikamwambia ashike vizuri, amepewa mikono miwili.

Msumari umebaki. Kila nikipita nautazama kama jino lililong'oka.

Alhamisi, 6 Julai

Tupo Musoma. Tulipanda lori Kiabakari, vumbi hadi kwenye kope. Tumefikia Makoko kwa dada yake Boniphace, mwanamke mnene mwenye moyo, ametukaangia furu, samaki wadogo wa ziwani, na ugali wa muhogo. Boke ameona ziwa kwa mara ya kwanza. Ameuliza nani ameyamwaga maji yote haya.

Daftari nimelifunga kwenye kanga kiunoni. Wankyo ana furushi moja. Mimi nina lingine, la Boke. Nimelifunga mwenyewe nikamwambia ni nguo za kubadilisha tu, mtoto anajichafua. Alilibeba kichwani toka stendi hadi hapa, na lake mkononi.

Ijumaa, 7 Julai. Sabasaba

Niandike pole pole.

Asubuhi nilikwenda kuona maonyesho, Boke mgongoni. Ukumbi mkubwa, meza zimefunikwa vitambaa vyeupe. Vyungu, ngao, mikeka. Picha ya mtoto wa shule, ng'ombe mwekundu mwenye miguu mitano. Nilisimama hapo nikacheka peke yangu. Ningekuwa na nafasi ningeiandika yote, ilikuwa nzuri.

Halafu nikafika kwenye kibuyu. Kimewekwa juu ya kisanduku na kadi mbele yake. Nikasoma kwa kidole: Kibuyu cha maziwa. Kilitumika zamani.

Zamani! Jumapili iliyopita nimekitia maziwa. Nikataka kumgombeza msichana anayelinda meza. Nikainua macho kutoka kwenye kadi, nikaona kibuyu chenyewe. Cheupe. Hakina mshono.

Nikamwambia, mwanangu, hiki hakijaonja hata tone. Akaniambia kwa adabu kwamba vililetwa viwili, bibi. Kimoja kilikuwa cheusi, kimeshonwa, na kinanuka maziwa yaliyochacha. Wakajua hicho ndicho kibovu, ndicho cha kuvunjwa. Wamekimwaga wakakipeleka kwa watu wa mchezo.

Mimi na maziwa yangu. Ningekituma kitupu kama kitu cha dukani, kingekuwa salama mezani.

Mchezo ulikuwa saa tisa. Nilikuwa na muda, niseme kweli. Mseti alisimama hatua kumi kutoka kwangu, anapanga viti vya wageni. Boniphace alinipungia mkono akiwa na mto wake tumboni. Neno moja tu lingetosha. Mimi, Nyamburi, ambaye nimewaambia mapadri makosa yao, nilikaa kwenye nyasi na mtoto mapajani, mdomo nikaufunga.

Kwa nini? Nilitaka kujua. Akikivunja, basi nimekuwa Bibi Kale miaka yote na sikuambiwa. Nitafunga mdomo nirudi Buswahili na mtoto wangu, na Werema atakuwa na haki yake. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Ubaya wangu nao uandikwe.

Mchezo ukaenda. Watu wakacheka pale pa kuchekwa. Boniphace alikuwa ameurekebisha mguno, safari hii ulianzia chini. Boke akanyoosha kidole akasema kwa nguvu, bibi, ni wewe. Watu wa karibu wakageuka.

Nimekununua, utakwenda wapi? Boniphace akasema. Midomo yangu ilikwenda pamoja naye.

Wankyo akainama, akachukua kibuyu pale chini bila kukitazama, kama alivyozoea na kikapu. Akakiinua juu ya kichwa. Akasema, mimi si ng'ombe wa mtu. Uwanja wote kimya. Na hapo kidole gumba chake kikafika kwenye mshono.

Nilikiona kikifika. Kilikwenda chenyewe, kama kinavyokwenda kila asubuhi akikamua. Kikapita kwenye mshono kwenda, kikarudi.

Mikono ikabaki juu. Kikundi kikaanza wimbo wa kuondoka, wakaona hajavunja, wakanyamaza mmoja mmoja. Mseti pembeni anaonyesha kwa mkono, vunja, vunja. Boniphace akarudia maneno yake, utakwenda wapi, akidhani amesahau.

Alishusha kibuyu hadi kifuani. Akakinusa. Mbele ya wageni wa mkoa, akakinusa.

Halafu akapiga magoti mbele ya Boniphace, akakiweka mapajani pake, juu ya ule mto, kwa mikono miwili. Akasema neno ambalo haliko kwenye karatasi. Karatasi yote ninayo kichwani, nimeisoma mimi.

"Mama, nitunzie."

Akasimama akaondoka. Kama mchezo unavyotaka, upande uleule. Hakugeuka.

Wengine walipiga makofi. Wengine waliulizana kama imekwisha. Boniphace alikaa pale amekumbatia kibuyu, hajui afanye nini, na machozi yanamtoka kweli, karani yule.

Boke aliuliza mama amekwenda wapi. Nikamwambia yupo nyuma ya pazia. Akauliza tena.

Baadaye nilimsikia Mseti akimgombeza, kwamba badala ya kuvunja kibuyu amevunja mchezo. Lakini wageni waliupenda. Orodha ya wanaokwenda haikubadilika. Gari linapita Makoko kesho saa mbili asubuhi.

Amekirudisha jioni. Alinikabidhi mlangoni, tukiwa tumesimama. Nikamwambia nilijua, niliona mezani asubuhi, sikusema. Nilitegemea atanikasirikia.

Akasema, "Nilijua upo hapo, mama. Boke alipaza sauti."

Tukala furu. Miiba ya furu ni midogo, ina kazi, huhitaji kuongea.

Jumamosi, 8 Julai

Asubuhi. Naandika nimekaa kizingitini.

Wankyo amekwenda ziwani kuoga na Boke. Nawasikia hapa. Boke analitukana ziwa kwa kumwingia machoni. Mama yake anamwigiza sauti, na Boke anacheka hadi anapaliwa.

Hajaniomba. Mpaka sasa. Jana usiku alimkumbatia mtoto akalala amenipa mgongo, na asubuhi alimsuka nywele, mistari midogo midogo, ya kukaa muda mrefu. Mimi nywele za namna hiyo nazijua. Unamsuka mtu hivyo ukiwa hujui nani atamfumua.

Nimemfulia Boke gauni lake la njano. Halikukauka vizuri, upindo una unyevu. Nimelikunja. Nimesimama nalo katikati ya chumba, furushi la Wankyo huku, furushi langu kule. Nimesikia maneno ya Werema yote, nayaheshimu. Nimewasikia na wale walio chini ya ardhi.

Nimeliweka juu ya furushi la mama yake. Sikulifungia ndani. Juu tu, palipo na fundo, aone mwenyewe. Halafu nimetoka haraka nikaja kukaa hapa, nisije nikalichukua.

Kibuyu ninacho mapajani. Hapa hakuna ng'ombe, nimekitia maji ya ziwa kidogo, kisirudi nyumbani kitupu.

Gari linasikika. Linashuka kwa pale kanisani. Wankyo anatoka majini, amembeba Boke kiunoni, nguo zimewaganda wote wawili. Anapita karibu yangu aingie ndani. Amepita. Amefika kwenye furushi, maana nyayo zimesimama.

Zimesimama muda mrefu.

Sigeuki. Naandika hivi ili nisigeuke.

Na wewe Nyamburi, ukirudi kwenye daftari hili usiniletee habari za penseli na panya. Kwanza mwaga maji ya ziwa, kifukize kibuyu, kitundike kwenye msumari wake. Kesho yake kamua. Halafu ndipo ufungue hapa, uandike ni nani aliyekunywa. Ukiwa peke yako, andika hivyohivyo, na maziwa uyanywe. Usiyamwage.